Kompyuta Tano, Korido Moja na Gauni la Bibi

Saa mbili asubuhi, korido ya ghorofa ya pili imetulia kuliko kawaida yake. Milango iko wazi na wenye maduka wako ndani, lakini kompyuta zao zimefungwa kitambaa chekundu juu ya kioo, na hakuna anayezigusa.

"Ziko leba," anasema mwanamke aliyepiga magoti chini ya meza, mkono mmoja umeshika kebo, mwingine simu. "Ukiona kitambaa, pita mbali. Hata kuifuta vumbi marufuku."

Huyu ndiye Mama Vipande. Jina alilopewa na wazazi wake hulitumia benki na hospitalini tu. Korido nzima inamwita hivyo kwa sababu ya namna anavyofanya kazi. Anachukua video ndefu, anaikata vipande, na kuvigawa vipande hivyo kwa kompyuta tano zilizounganishwa kwa kebo inayopita juu ya dari. Kila kompyuta inapika cha kwake na kukirudisha, naye anaviunga viwe video moja.

Kupika ni neno lake. Wenzake wa kazi hii husema kurenda. Maana ni ileile: kompyuta inapitia video picha kwa picha, inatia rangi na mwanga ulioagizwa, inaibana, hadi litoke faili ambalo televisheni ya kawaida inaweza kulicheza. Kompyuta moja kuukuu kama hizi ingeihangaikia video ya harusi siku nzima na zaidi. Zikiwa tano, kazi huisha kabla ya chakula cha mchana.

Kompyuta yenyewe ya Mama Vipande ni moja tu, aliyoipa jina la Mkubwa. Ya pili iko kwa fundi cherehani wa chumba cha pili, anayeitumia kuchora nakshi za mashati. Ya tatu iko saluni, ya nne kwa mwenye fotokopi, ya tano kwa wakala wa bima mwishoni mwa korido. Hakodi hata moja. Majirani humwachia kompyuta zao saa ambazo hawazihitaji, naye huwapigia video za shughuli zao bila malipo, ziwe za furaha au za msiba.

Mwandishi wa makala haya alikuja kuandika habari za biashara ya video za harusi, na alitarajia kucheka kidogo. Badala yake alimkuta mama mmoja amekaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, mkoba amejikumbatisha kifuani. Kila baada ya muda mfupi anaitazama saa ya ukutani kama vile imemkosea adabu.

Mama huyo ni shangazi wa bibi harusi, na korido imekwisha kumzoea kwa jina hilo, Shangazi. Mama yake mzazi, yaani bibi wa bibi harusi, amelazwa. Jicho moja la Bibi lilikwisha zamani. Lililobaki lina uvimbe, na leo saa nane mchana daktari analitoa.

Bibi ni mshonaji. Gauni la harusi la mjukuu wake amelishona mwenyewe kwa miezi, uso umeinamia kitambaa hadi pua inakigusa. Alilimaliza, akalazwa siku chache kabla ya harusi, na juzi mjukuu ameolewa yeye akiwa kitandani.

"Alituomba kitu kimoja," anasema Shangazi. "Alisema, nataka kuliona gauni langu linatembea. Basi."

Watu walijaribu njia ya mkato. Wajukuu walimpelekea picha kwenye simu, akasema anaona mwanga tu. Jicho lile, kama daktari alivyoeleza, linaweza kushika kitu kikubwa kinachong'aa pembeni mwa kitu cheusi, na si zaidi. Ndiyo sababu Mama Vipande ameikoleza video nzima: nyuma ya watu ametia giza, gauni amelipandisha mwanga, picha amezivuta karibu. Katika sebule ya wodi kuna televisheni kubwa ya kuchomeka flashi, na muuguzi amekubali Bibi aketi mbele yake kabla ya kupelekwa chumba cha upasuaji.

Kwa hiyo hii si kazi ya kusema kesho utaipata. Mama Vipande anaijua tofauti hiyo.

"Mteja wa kawaida nikichelewa atanisema, nitaomba radhi, tutaelewana," anasema. "Huyu hana kesho ya kuangalia."

Kazi hii aliianza akiwa ameajiriwa katika studio kubwa, ambako kulikuwa na chumba kizima cha mashine na baridi ya kuvaa sweta. Studio ilipofungwa, alipewa kompyuta moja badala ya mshahara wa mwisho. Akaileta hapa, akabandika tangazo mlangoni, na kwa mwaka wa kwanza alilala chini kando yake huku akiisikiliza kama mtoto mwenye homa. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa akimtania kwamba ameoa mwanamke mwenye mume wa pili, tena mume anayekoroma.

Siku moja mume huyo wa pili alizimika katikati ya kazi, na asubuhi wenye harusi walikuwa mlangoni. Aliyemwokoa ni msusi wa saluni, ambaye hapa wanamwita Kitana. Aliona jirani yake analia, akauliza kulikoni, akaelezwa, akashangaa. Kompyuta yake yeye ilikuwa pale inapiga muziki tu. Mbona asiitumie?

"Kidole kimoja hakivunji chawa," anasema Kitana, akiwa amesimama mlangoni na chanuo mkononi. "Na mimi chawa nawajua, ni kazi yangu."

Leo Kitana amejitolea zaidi ya kompyuta. Umeme wa korido ni mdogo, na draya ya nywele ikiwashwa pamoja na kompyuta zote, swichi kuu hujikata. Kwa hiyo draya imezimwa, na wateja wake watatu wamekaa kwenye roshani vichwa vikiwa na maji, wanangoja jua liwakaushe. Wameelezwa habari za Bibi. Hakuna aliyenung'unika, ingawa mmoja ameuliza kwa upole kama Bibi hangeweza kumwoza mjukuu wakati wa kiangazi.

Saa nne inapokaribia, vipande vya mwisho vinarudi. Mkubwa anaviunga. Mama Vipande anajifuta mikono kwenye sketi, anabonyeza, na Shangazi anainuka kutoka kwenye kiti chake kwa mara ya kwanza.

Video inaanza vizuri. Ukumbi ni mweusi kama ulivyotakiwa, nyuso zimetoka wazi. Bwana harusi anafuta jasho. Mlango unafunguliwa, kila mtu anageuka, na hapo, palepale bibi harusi anapoweka mguu ndani, picha inapauka.

Giza limekuwa kijivu. Ukuta ni kijivu, watu ni kijivu, na gauni jeupe limeyeyukia humo kama chumvi kwenye maji. Sisi wenye macho mawili tunaona umbo linapita. Bibi hataona chochote.

Baada ya muda picha inarudi sawa, bibi harusi amekwisha kukaa. Mbele kidogo inapauka tena. Kisha tena.

Mama Vipande anaisimamisha video. Anafungua orodha ya vipande, maana kila kimoja hubeba alama ya kompyuta iliyokipika, na anaanza kuvitazama. Vya saluni ni vizima. Vya fotokopi na vya bima navyo ni vizima. Vilivyopauka vyote vimetoka chumba cha pili.

Anatoka. Mwandishi anamfuata, ingawa aliambiwa tangu mwanzo akae na asiguse kitu.

Fundi ni mtu mzima mwenye tepu ya kupimia shingoni na pini mdomoni. Anaulizwa kama ameigusa kompyuta. Anaapa kwamba kitambaa hakikutoka kwenye kioo tangu alfajiri, na ni kweli. Anaulizwa kuhusu jana. Hapo anazitoa pini mdomoni, moja moja.

Jana jioni, kumbe, kompyuta ilikuwa ikimletea ule ujumbe wake wa kila siku: kuna toleo jipya la programu, je, tusasishe? Siku zote huupuuza. Jana akafikiria kazi ya Bibi, mshonaji mwenzake, akaona si vyema kompyuta yake iende kazini na nguo za zamani. Akakubali. Akasasisha programu ileile ya kupikia video.

Katika kazi hii hakuna kosa baya kama hilo. Kompyuta zinazogawana video moja zinaweza kutofautiana umri, ukubwa na hata kelele, lakini programu lazima iwe moja, toleo moja, mpangilio mmoja. Toleo jipya lina namna yake ya kuelewa neno "nyeusi". Likipewa kipande peke yake, halina ubaya wowote. Likiwekwa pamoja na mengine manne ya zamani, kila moja linapika kwa chumvi yake.

"Nilitaka isituaibishe," anasema Fundi.

"Fundi," anasema Mama Vipande kwa hasira ambayo hajaificha. "Mimi nikija hapa usiku nikakubadilishia tepu yako, nikuwekee mpya nzuri yenye inchi ndefu kidogo, utanishukuru?"

Fundi anaishika ile tepu shingoni.

Kuirudisha programu ya zamani kwenye kompyuta ile kutachukua muda ambao haupo. Mama Vipande anaichomoa kebo ya Fundi na kuvigawa upya vipande vyake, ambavyo ni vingi kuliko vya wengine, kwa kompyuta nne zilizobaki. Anapiga hesabu kwa sauti. Zikienda bila kusimama, video itakuwa tayari saa saba, na kutoka hapa hadi hospitalini kwa pikipiki si mbali. Itawahi, kwa shida.

Kompyuta ya saluni, ambayo ni dhaifu kuliko zote, inaanza kuunguruma. Kompyuta ya aina hii ikipata joto sana hujizima yenyewe. Fundi, ambaye tangu pale hajui mikono yake aiweke wapi, analeta feni yake ya kusimama, anaifungua kompyuta ubavuni na kuielekezea upepo. Halafu anabaki hapohapo amechuchumaa, kama aliyekabidhiwa mgonjwa.

Saa tano kasoro simu ya Shangazi inaita.

Anasikiliza, anasema ndiyo, anasema sawa, anasema ndiyo tena. Anaiteremsha simu. Ni muuguzi. Mgonjwa aliyekuwa mbele ya Bibi amepanda presha, hatafanyiwa upasuaji leo. Nafasi yake amepewa Bibi. Watamchukua saa sita.

Hapa korido yote inasikia. Mwenye fotokopi ameacha mashine yake, wakala wa bima amevua miwani. Shangazi anasema labda muuguzi aombwe, labda daktari aelezwe, kisha mwenyewe anajijibu kwamba uvimbe hausubiri video.

Mama Vipande ameganda mbele ya kioo. Mstari unaoonyesha kazi iliyokwisha kupikwa bado hata haujafika robo.

Kisha anageuka na kiti chake kumwelekea Shangazi.

"Nikupe muda mfupi tu wa video, siyo harusi nzima," anasema. "Mama yako angetaka aone nini?"

"Gauni," anasema Shangazi bila kufikiri. "Watu anawajua sura zao. Gauni hajaliona likitembea."

Mama Vipande anasimamisha kila kitu. Jambo hili lenyewe linatisha, maana kazi nusu iliyosimamishwa hutupwa yote, na mstari ule unarudi mwanzo. Anaziondoa hotuba za wazee wa pande zote mbili. Anautoa msururu wa zawadi, anamtoa na mshereheshaji. Anabakisha kipande kimoja: mlango unafunguliwa, bibi harusi anaingia, anapita katikati ya ukumbi, anageuka, anarudi.

Kwa kawaida kipande kama hicho hupewa kompyuta moja, kwa sababu akikikata sana hatari ya viungo kuonekana inaongezeka. Leo anakikata mara nne. Mkubwa anapewa mlango. Ya bima inapewa hatua za mwanzo, fotokopi katikati ya ukumbi, saluni kule kugeuka.

"Kila mtu apige hatua zake chache," ananong'ona, na hatujui anaziambia kompyuta au anatuambia sisi.

Kitana anatoka kwenda roshani kuwaambia wateja wake kwamba wasithubutu hata kuchaji simu. Kisha ni kungoja. Kazi ya video ina ukatili huu, kwamba mtu mwenye haraka hana cha kufanya kwa mikono yake. Mwashi angeongeza kasi, mpishi angechochea moto. Mama Vipande ameketi, mikono kati ya magoti, na midomo inatembea. Pengine anaomba.

Mkubwa anamaliza. Fotokopi inafuata, kisha bima. Saluni bado. Fundi, jasho likimtiririka, anapiga kelele kutoka kule kwamba bado inapumua. Kitana anamwambia apunguze sauti, asije akaishtua.

Kipande cha saluni kinarudi. Mama Vipande anaviunga, anavicheza mara moja tu, na uso wake hautoki kwenye kioo. Ukumbi mweusi. Mlango. Gauni jeupe linaingia, na linabaki jeupe mpaka mwisho. Anachomoa flashi, na kabla hajauliza nani ana pikipiki, Fundi amekwisha kusimama mlangoni na funguo mkononi.

"Mimi ndiye niliyechelewesha," anasema. "Shangazi, panda."

Wanaondoka. Ni saa tano na nusu imepita kidogo, na kutoka hapo saa ya ukutani inageuka kuwa adui wa korido nzima.

Kitana hawashi draya. Hakuna kitambaa chekundu tena kwenye kioo, anaruhusiwa, lakini hawashi. Mama Vipande anafungua kazi nyingine na kuifunga. Anamweleza mwandishi kwamba ana watoto wawili shuleni, kwamba miezi ya mvua harusi hupungua na yeye hula akiba, kwamba aliwahi kuuliza bei ya kompyuta moja kubwa ya kisasa ambayo ingefanya kazi ya hizi tano na akaambiwa inakaribia mapato yake yote ya miaka miwili. Anayasema haya kwa mtu asiyemtazama. Macho yake yako kwenye simu.

Saa sita inapita. Inapita na robo.

Simu inapoita, anaiweka mezani na kufungua spika, maana wote wamejaa mlangoni.

"Ameona," anasema Fundi.

Fundi ndiye anayeendelea, polepole. Walimkuta Bibi amekwisha kuvalishwa nguo za upasuaji, kwenye kiti cha magurudumu, na muuguzi amemzuia daktari mlangoni kwa maneno matamu. Wakamsogeza mpaka uso karibu uguse televisheni. Video ikachezwa. Akaomba irudiwe. Mara ya pili akaweka kidole kwenye kioo na kulifuata gauni kwa kidole, kutoka mlangoni hadi linapogeuka.

"Amesema nini?" anauliza Mama Vipande.

"Amesema upindo wa kushoto umepanda kidogo. Amesema niwaambie wasimpe mtu mwingine aushushe."

Kitana anacheka, kisha anakaa chini sakafuni palepale na kulia. Mama Vipande amejifunika uso kwa viganja vyote viwili. Mwenye fotokopi anairudisha video kwenye kioo cha Mkubwa, tunalitazama gauni likigeuka, na ni kweli. Upande wa kushoto umepanda, kwa kadiri ya upana wa kidole. Harusi nzima hakuna aliyeona.

Wiki tatu baadaye, mwandishi wa makala haya alirudi katika korido ile. Upasuaji ulikwenda salama, uvimbe umetoka wote, na Bibi yuko nyumbani. Haoni. Shangazi anasema siku za mwanzo alikuwa mkimya, na kitu cha kwanza alichoulizia ni sanduku lake la sindano.

Kompyuta ya Fundi imerudishiwa programu ya zamani. Juu yake, pamoja na kitambaa, kimebandikwa kipande cha plasta mahali ambapo ule ujumbe wa kila siku hutokea. Amekibandika mwenyewe. Anataniwa kila asubuhi, na anavumilia.

Mama Vipande anaulizwa kama bado anaiota ile kompyuta kubwa. Anasema anaiota, nani hataki kilicho chema. Ila siku hizi anaogopa kidogo, kwa sababu kubwa ikizimika, atalia tena peke yake chumbani. Kilichomkaa kichwani sasa ni kingine, na amekwisha kukipangia siku.

Jumatatu ijayo Bibi ataletwa hapa. Atakaa kwa Fundi na kuushusha upindo kwa mkono wake, kwa kupapasa, na kazi ya Fundi itakuwa kumtungia uzi kwenye sindano tu. Akimaliza, mjukuu atalivaa gauni na kutembea koridoni, kutoka kwa wakala wa bima hadi kwa Mama Vipande na kurudi, huku maikrofoni ikiwa chini karibu na sakafu. Video ya harusi Bibi hawezi kuiangalia tena. Mama Vipande anataka kumtengenezea ya kusikiliza.

Gauni linalotembea lina sauti ndogo sana, anasema, na feni moja tu inatosha kuimeza. Kwa hiyo amezunguka mlango kwa mlango kuomba, na wote wamekubali. Siku hiyo cherehani itazimwa, fotokopi itazimwa, draya na kompyuta zote tano, Mkubwa akiwemo.

Juu ya meza yake kuna rundo la vitambaa vyekundu vipya, vimekatwa na kupindwa vizuri. Vimeshonwa na Fundi. Mama Vipande anavihesabu ili ajue kama vinatosha korido nzima, kisha anaweka kimoja pembeni.

"Hiki nitajifunga mimi mdomoni," anasema. "Najijua, nitalia."